Nafasi Moja Lodosit

Pasaka ile Wamae alirudi nyumbani Skuta, mtaa wa mjini Nyeri, amekonda, ngozi ya shingo imeiva kwa jua, na kila alipofungua kinywa jina la Beverlyne lilitangulia. Beverlyne ndiye aliyewashawishi wanawake wa Lodosit walete watoto kuchanjwa asubuhi, kabla ya kwenda kisimani. Beverlyne ndiye aliyemtoa nyoka kwenye stoo ya dawa kwa fimbo ya pazia. Na jokofu la gesi lilipozimika chanjo zikiwa ndani, ni Beverlyne huyo huyo aliyelizibua kwa waya alioutoa kwenye sidiria yake.

Wamae alicheka aliposimulia hilo la waya. Monicah, mkewe, aliendelea kumpakulia mukimo huku akijiuliza jambo moja tu: waya huo ulipokuwa ukitolewa, Wamae alikuwa amesimama wapi?

Walikuwa na miaka mitano ya ndoa, na miwili kati ya hiyo walikuwa wameishi kama ndugu wa mbali wanaokutana matangani na sikukuu. Wamae alikuwa afisa wa kliniki, wale ambao watu huwaita daktari kwa kuwa ndio madaktari pekee wanaowaona. Mwaka wa 1994 alihamishiwa Lodosit, kituo cha afya kilichoko mbali huko kaskazini, kupita Maralal, mahali ambapo mvua ikinyesha barabara hugeuka mto na isiponyesha hugeuka vumbi. Monicah alikuwa muuguzi katika wodi ya wazazi ya hospitali moja mjini Nyeri. Alipoulizwa wakati ule kama angependa kumfuata mumewe, alijibu kwamba hakusomea ukunga ili akazalishe ngamia. Wenzake walicheka, na mambo yakaishia hapo. Alibaki na nyumba yake ya vyumba viwili, umeme, kwaya ya kanisa, na mama yake karibu hapo Gatitu. Hawakuwa wamejaliwa watoto bado. Mama alilitaja jambo hilo kila Jumapili, kisha akamnyamazia mpaka Jumapili iliyofuata.

Hakuwa peke yake katika kukataa. Siku hizo kupelekwa kaskazini kulionekana kama adhabu. Muuguzi wa Nyeri au Kerugoya akipewa uhamisho wa huko, angeripoti kazini Jumatatu, Jumatano akashikwa na mgongo, na Ijumaa akateremka na barua ya daktari kwamba hawezi kustahimili joto. Na serikali ilikuwa imesimamisha kuajiri. Wasichana waliofuzu vyuo vya uuguzi walikaa kwao wakichuma majani chai, huku vituo vya kaskazini vikifungwa kimoja baada ya kingine kwa kukosa mtu wa kushika sindano. Lodosit kilikuwa kimebaki wazi kwa sababu ya watu watatu: Wamae, Nasieku, mwanamke wa Kisamburu aliyefagia na kutafsiri, na huyo Beverlyne, muuguzi Mluhya kutoka upande wa Kakamega, ambaye Monicah hakuwa amemwona hata kwa picha.

"Huyu Beverlyne ako na bwana?" Monicah aliuliza jioni ile, akijitahidi sauti itoke kama ya mtu anayeuliza bei ya viazi.

Wamae alifikiri. "Sijui," alisema. "Hatujawahi kuongea mambo hayo."

Alisema ukweli, lakini Monicah hakuusikia kama ukweli. Mtu hufanya kazi na mwanamke miaka miwili, wawili peke yao katika jangwa, asijue kama ameolewa? Laiti angesema ana mume na watoto sita, angelala. Laiti angesema hana, angalau angejua wa kupigana naye. Lile "sijui" lilimkalia kooni kama mwiba wa samaki, na Wamae aliporudi Lodosit baada ya sikukuu, mwiba ulibaki.

Kajuju, mwenzake wa wodini, hakusaidia. Kajuju alikuwa mtu mwema, lakini ulimi wake ulitangulia wema wake. Alipohadithiwa habari za jokofu alitikisa kichwa, akasema kwamba kule jua likizama hakuna televisheni. Monicah alienda na neno hilo nyumbani.

Ikawa kila afanyapo jambo, Beverlyne yuko. Akitandika kitanda, humwona Beverlyne akitandika kingine. Akipika, hujiuliza Wamae huko anapikiwa nini, na nani. Alimchora akilini mwake: mrefu, mweupe, kiuno chembamba, meno yenye mwanya. Alimpa hadi marashi. Alimchukia kwa bidii, kama mtu anayepalilia shamba lake mwenyewe.

Mwezi wa Juni, mchana mmoja, Landrova iliyofunikwa vumbi jekundu iliingia kwenye lango la hospitali ikapiga honi bila kukoma. Monicah alikuwa zamu. Alipotoka na kitanda cha magurudumu alimkuta ndani ya gari mwanamke wa Kisamburu amelala ubavu, tumbo limekakamaa, macho yamefifia, na kando yake mwanamke mwingine amepiga magoti ameinua chupa ya maji ya mshipa juu ya kichwa chake. Mkono wake ulikuwa umekufa ganzi, hata walipomwambia aushushe hakuweza. Ilibidi Monicah amshushie.

Uchungu wa mgonjwa huyo ulikuwa umeanza siku mbili kabla. Hospitali iliyokuwa karibu nao ilikuwa na kitanda cha upasuaji lakini haikuwa na mtu wa kumchoma mgonjwa sindano ya usingizi. Aliyekuwepo alihama na hakuletwa mwingine. Ndipo dereva alipoambiwa ateremke moja kwa moja hadi Nyeri. Haya yote mwanamke wa chupa aliyaeleza akitembea kando ya kitanda kuelekea chumba cha upasuaji, maneno machache, kwa mpango, bila kuruka jambo. Mlangoni aligeuka, akasoma jina kifuani mwa Monicah na kutabasamu kwa midomo iliyopasuka.

"Wewe ndio Monicah," alisema. "Daktari anakutaja kila siku. Mimi naitwa Beverlyne."

Monicah aliukamata mkono aliopewa. Alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu vya raba vilivyoshonwa kwa uzi wa gunia. Alikuwa mfupi, mweusi, mnene wa mikono, mwanamke wa kawaida kabisa, ambaye ungempita sokoni mara tatu usimkumbuke. Ungetarajia jambo hilo limtulize. Lilimchoma zaidi. Uzuri angeuelewa, kwa sababu uzuri huja na kuchakaa. Kama si uzuri, ni nini basi kilichomfanya mumewe acheke vile akisimulia?

Mama aliokoka, mtoto alitolewa akiwa amekwisha kufa. Alipozinduka jioni alianza kuuliza kitu kwa lugha yake, na wodi nzima haikuwa na mtu wa kumjibu. Beverlyne aliitwa kutoka kwenye benchi alikosinzia. Aliketi kitandani, si kando ya kitanda, akamshika yule mama usoni kwa viganja vyote viwili, akamwambia. Monicah aliyekuwa akipima mapigo ya moyo hakuelewa hata neno moja. Aliona tu yule mama akisikiliza hadi mwisho, kisha akiliweka paji lake la uso begani mwa Beverlyne. Katika miaka yake tisa ya kazi, hakuna mgonjwa aliyewahi kumwekea yeye paji la uso begani.

Hakukuwa na pa kumlaza mgeni ila nyumbani kwake. Adabu ilidai hivyo, na Monicah alikuwa mtu wa adabu. Alimchemshia maji ya kuoga. Beverlyne alikaa bafuni muda mrefu, na Monicah akisikia maji yakimwagika aliwaza kwamba hata maji huyu mwanamke anayapenda kupita kiasi. Walikula githeri na kabeji. Mkononi mwa Beverlyne palikuwa na bangili ya shanga nyekundu na bluu, sawasawa na ile aliyokuja nayo Wamae wakati wa Pasaka.

Beverlyne aliona macho yake. Alisema wanawake wa Lodosit humvisha kila mtu anayekaa kwao zaidi ya masika moja, hata dereva anayo. Kisha, kwa uchovu na kwa kutaka kumpa mwenyeji wake habari njema za mumewe, alianza kumsifu Wamae: hapayuki, hamfukuzi mgonjwa asiye na pesa za kadi, hujua anachojua na hukiri asichokijua.

"Lakini akianza kuvuta hii sikio ya kushoto," alisema akijishika sikio, "hapo najua mgonjwa yuko vibaya na hataki tuseme mbele yake. Simwulizi. Naenda kutayarisha sindano."

Monicah aliacha kijiko ndani ya sahani. Sikio lile alilijua. Alikuwa amemwona Wamae akilivuta siku walipoenda kwa daktari wa wanawake kule Kerugoya, akalivuta tena siku baba yake alipolazwa, na mara zote mbili alimwambia aache, ataling'oa. Miaka mitano alikuwa amedhani ni mazoea tu, kama watu wengine wanavyong'ata kucha. Na huyu hapa, mgeni, anakula kabeji yake na kumfasiria mume wake.

Kesho yake Beverlyne alirudi na Landrova. Siku ya tatu Monicah alivaa sare iliyopigwa pasi vizuri, akapanda ngazi hadi ofisi ya Bwana Miriti.

Bwana Miriti alikuwa Mmeru wa makamo, mpole, mwenye sweta ya rangi ya ugoro aliyoivaa hata mwezi wa Februari. Kazi yake ilikuwa kuwapanga wauguzi, na kwa sababu hakuwa na wauguzi wa kutosha wa kupanga, siku zake zilikwisha akiwasikiliza watu wakimweleza habari za migongo yao. Monicah aliposema amekuja kujitolea kwenda kaskazini, alivua miwani akaifuta, kana kwamba ndiyo iliyomdanganya.

Furaha yake haikudumu. Alipotaja Lodosit, Bwana Miriti aliirudisha miwani usoni polepole. Alimweleza kwamba Lodosit ilikuwa na nafasi moja ya muuguzi, na nafasi hiyo ina mtu. Hakuwa na ruhusa ya kuweka wawili mahali pa mmoja, hata kama kazi ilikuwa ya wanne. Ila, umbali wa siku moja ya kutembea kutoka hapo, palikuwa na zahanati ya Ntorkai. Ilikuwa na jengo, vitanda viwili, hata tangi la maji, na kufuli mlangoni tangu mwaka uliotangulia.

"Ukienda Ntorkai, watu wa huko watakuwa wamepata mtu," alisema. "Ukienda Lodosit, lazima nimtoe aliyeko nimlete hapa mahali pako. Kaskazini itabaki vile ilivyo."

"Sheria inasema mume na mke wawekwe kituo kimoja wakiomba," Monicah alisema. Alikuwa ameulizia mapema. "Mimi niko na bwana Lodosit."

"Hata hao wanawake wa Ntorkai wako na mabwana, sista."

Hakulisema kwa ukali. Alimngoja kidogo, akiangalia nje dirishani ambako mawingu yalikuwa yameshukia mlima hadi miguuni. Monicah alikuwa na nafasi ya kubadili neno, na aliijua. Aliona hata kufuli la Ntorkai. Lakini juu ya kufuli hilo aliuona mkono wa shanga ukigusa sikio, akasema Lodosit. Bwana Miriti akaitisha karatasi, akatia sahihi. Monicah alishuka ngazi mwepesi kama mwizi aliyeandikiwa risiti.

Uhamisho ulikamilika mwezi wa Agosti. Alisafiri kutwa nzima, na walipofika Lodosit wanawake walikuwa wamekusanyika nje ya kituo. Alidhani wamekuja kumpokea. Walikuwa wamekuja kumsindikiza Beverlyne. Makabidhiano yalichukua muda wa kunywa chai: funguo, stoo, jokofu, jina la kila mama aliyekuwa karibu kujifungua. Beverlyne hakumwonyesha uso wa hasira. Alipanda kwenye gari lile lile lililomleta Monicah, na wanawake wakalifuata kwa miguu mpaka vumbi likalimeza.

Wamae alimbebea sanduku lake hadi nyumbani. Alikuwa mwema, kama kawaida yake. Alikuwa amepaka nyumba chokaa, akamtafutia kitanda kipana. Lakini baada ya chakula alimwuliza kama ni kweli alivyosikia kwenye redio ya kituo, kwamba alipewa Ntorkai akakataa. Monicah alisema ni kweli.

"Ungeenda," Wamae alisema, "ningekuja kila Jumamosi kwa miguu."

Hawakugombana. Wamae hakulirudia jambo hilo tena, na hakulitaja jina la Beverlyne pia, jambo ambalo Monicah alikuwa amelitamani miezi mingi. Sasa lilipokoma aligundua kwamba ukimya una sauti yake. Walipokuwa kazini na Wamae akanyoosha mkono kupokea mkasi, ukachelewa, hakusema kitu. Monicah ndiye aliyesikia kile ambacho hakikusemwa.

Wanawake nao hawakumkataa. Waliacha tu kuja. Walifika uani, wakamwuliza Nasieku yule mwingine yuko wapi, wakajibiwa, wakageuka kwenda kuzalia majumbani mwao. Wachache waliobaki aliwahudumia kupitia mdomo wa Nasieku, ambaye hakuwa kila mara karibu. Siku moja alipiga kelele "Sukuma!" kwa Kiswahili kwa msichana ambaye hakujua Kiswahili, na msichana, akidhani ni salamu, akamshika mkono akamsalimia. Nasieku alicheka siku nzima. Monicah alienda nyuma ya tangi la maji akalia, na katika kulia kwake alimwonea wivu mtu ambaye hakuwapo hata kujitetea.

Mwezi wa Oktoba surua ilizuka Ntorkai. Watoto wa huko hawakuwa wamechanjwa tangu zahanati ifungwe. Mama zao waliwabeba mgongoni kutwa nzima juani kuja Lodosit, na wengine walipofungua nguo kumwonyesha Monicah mtoto, mtoto alikuwa amekwisha kata roho njiani na mama hana habari. Kituo kilijaa hadi chini ya meza. Wiki tatu Monicah hakuvua viatu ila kulala. Alijifunza kusema "maji", "kunywa", "usimfunike" kwa lugha yao. Asubuhi moja aliinua macho kutoka kwa mtoto aliyekuwa akimsafisha midomo, akamwona Wamae ng'ambo ya chumba amesimama juu ya mikeka, anavuta sikio la kushoto. Hakumwuliza. Alienda kutayarisha sindano. Na aliporudi nayo, mumewe alimtazama kwa namna ambayo alikuwa ameingoja tangu Pasaka. Hakuifurahia. Mtoto alikuwa wa Ntorkai.

Surua ilipopungua, Januari, gari lilikuwa likiteremka Nyeri kuchukua chanjo. Monicah aliomba nafasi ndani yake. Wamae alimwuliza anaenda kufanya nini, naye akamjibu kwamba anaenda kumwomba Beverlyne arudi. Wamae alienda kumtafutia blanketi la safari.

Bwana Miriti alikuwa katika sweta ile ile. Habari za Ntorkai zilikuwa zimemfikia, na hakumkumbusha lolote, jambo lililokuwa gumu zaidi kulibeba. Alisema nafasi ya Ntorkai bado iko wazi, lakini hawezi kumlazimisha mtu aliyekwisha kutumikia kaskazini miaka minne. Beverlyne akikubali kwa hiari yake, atamhamisha hata kesho.

Basi Monicah alienda Skuta, akabisha kwenye mlango aliokuwa akiufungua kwa ufunguo wake. Beverlyne alikuwa amechukua nyumba ile ile. Mapazia yalikuwa yale aliyoyashona Monicah kwa cherehani ya mama yake, na vitambaa vya makochi vilikuwa vyake. Alikuwa amemwachia kwa kuwa gari lilijaa. Balbu ilikuwa inawaka ingawa jua halijazama, kama watu waliokosa umeme miaka mingi wanavyofanya. Na mezani, katika sare ya shule ya kijani, alikaa msichana wa miaka saba akiandika, ulimi nje.

"Salimia shangazi, Khavere," Beverlyne alisema. "Huyu ni binti yangu."

Monicah alikaa kabla hajakaribishwa.

Chai ilipomiminwa, Beverlyne alimwuliza habari za mama mmoja mmoja kwa jina. Wengi Monicah hakuwajua. Kisha Monicah akamweleza kuhusu surua, yote, bila kupunguza, na jinsi Ntorkai inavyongoja, akamwomba aende. Beverlyne aliweka kikombe chini. Alimtuma mtoto nje akacheze.

Alisema kwamba Khavere alipoachwa kwa bibi yake kule nyumbani alikuwa hajaanza kuongea vizuri. Kila mwaka aliomba uhamisho, na kila mwaka Bwana Miriti alimjibu kwamba amletee mtu wa kukaa mahali pake. Nani angekubali? Aliporudi kwa likizo ya mwisho mtoto alijificha nyuma ya bibi yake, akamwita mgeni. Hakuwahi kumwambia mtu Lodosit, hata Daktari, kwa sababu akilitaja angeshindwa kuamka kesho yake.

"Siku ile hapa mezani nilikuona," alisema. "Niliona vile uliangalia bangili, na vile ulinyamaza niliposema habari za sikio. Ningekuambia, dada, hakuna kitu kati yangu na bwana yako, tulia. Ilikuwa maneno machache tu. Nikafikiria: huyu akiachwa na wivu wake, atapanda kwenda huko. Nikanyamaza, nikaenda kulala."

Monicah alikuwa amekuja na maneno ya kuomba radhi na sasa hakujua ni nani wa kumpa.

"Kuhusu Ntorkai," Beverlyne aliendelea, "nimesema siendi. Lakini usiniombe mara ya pili, tafadhali. Ukiniomba tena nitakubali."

Nje mtoto alikuwa akiruka kamba na wa jirani, wakihesabu kwa Kikuyu. Monicah aliusikiliza ule wimbo wa kuhesabu. Aliutazama ule mwanga wa balbu, mapazia yake, daftari lenye herufi kubwa zilizopinda, na wivu ukampanda tena, mzima na mpya, kama haukuwahi kulala: huyu mwanamke amechukua nyumba yangu, na ndani yake amepata hata kile ambacho mimi sikupata. Neno lilikuwa mdomoni. Lingetosha kumrudisha Beverlyne kaskazini, na watu wote wangelisifu.

Hakulitamka. Alisema tu, "Nifundishe kuongea na mama mwenye uchungu. Nasieku ananicheka."

Walikaa hadi giza likaingia, Beverlyne akisema na Monicah akirudia: pumua, ngoja, bado, sasa, umefanya vizuri. Khavere aliingia akawasikia, naye akawa anayatamka yale maneno vizuri kuliko wote wawili.

Kesho yake alirudi kwa Bwana Miriti kabla ya gari kuondoka. Alimwuliza kama kuna sheria inayomkataza muuguzi wa Lodosit kufungua Ntorkai juma moja kila mwezi. Bwana Miriti alifikiri, akasema hakuna anayoijua. Posho ya safari hiyo hataweza kumpa. Ufunguo wa kufuli aliutoa kwenye droo akampa.

Kwa hiyo ikawa hivyo. Kila mwezi Monicah aliondoka Lodosit na sanduku la barafu juu ya punda, Nasieku mbele, akamwacha mume ambaye alikuwa amesafiri mbali sana kuja kumlinda. Alilala Ntorkai usiku sita kwenye kitanda chembamba. Wakati mwingine alijiuliza Wamae huko anapikiwa na nani, kisha akakumbuka kwamba hakuna mtu mwingine huko wa kumpikia, akajicheka. Jumamosi moja moja Wamae alikuja kwa miguu, kama alivyosema, viatu mkononi. Mwaka wa 1999, serikali ilipoajiri kidogo, Ntorkai ilipata kijana kutoka Meru aitwaye Gatobu, aliyekaa.

Na wanawake walirudi kuzalia kituoni, kwanza mmoja kwa kukosa jinsi, kisha dada zake. Jambo moja tu Monicah hakuweza kulibadilisha. Kwa watu wa Lodosit lile jina lilikuwa limekwisha kuwa jina la kazi. Muuguzi yeyote, awe mwanamke, au hata huyo Gatobu alipofika, walimwita Beverlyne. "Beverlyne ameamka?" walimwuliza Nasieku asubuhi uani, wakimaanisha Monicah. "Beverlyne, mtoto anatapika." Mwaka wa kwanza aliwasahihisha kila mara, akijigonga kifuani na kulitamka jina lake polepole, nao wakaitikia kwa adabu na kurudia kosa. Baadaye aliacha. Aliitwa, akaitika, akaenda kunawa mikono.